Kiti Kilichozungushiwa Kamba

Mwanjelwa,
Mbeya.

Kwa Mkurugenzi,
Mkahawa wa Enzi,
Gangilonga, Iringa.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye pia ni binti wa marehemu kaka yangu,

YAH: KITI CHA BABA YANGU

Assalaam alaykum, na kwa kuwa unakaa Iringa, kamwene. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye kwa mujibu wa majirani nilifariki dunia Ijumaa ile uliyokuja kutusalimu. Habari za kifo changu nitazieleza mahali pake. Nimeona nikuandikie kwa cheo chako badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu utaniita "baba mdogo" kwa sauti ile uliyoirithi kwa mama yako, nami nitajikuta nakuombea dua na kuagana nawe kabla sijasema nililopigia. Mkurugenzi hana baba mdogo. Mkurugenzi ana walalamikaji, na mimi naomba nihesabiwe miongoni mwao.

Ninachotaka ni kimoja: kiti cha baba yangu kirudi kibarazani kwangu. Sikitaki kwa sababu ya uzee wake. Nakitaka kwa sababu ya uzee wangu. Mtu wa umri wangu asipoonekana kibarazani asubuhi, mtaa hauulizi amekwenda wapi. Unauliza anazikwa saa ngapi. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, kama nilivyozoea nilipokuwa karani wa reli, ili watu wa ofisi yako wasipate taabu ya kuzipuuza zote kwa mkupuo.

1. Namna kiti kilivyoondoka.

Nilikupa ruhusa ya kutengeneza mguu mmoja. Mguu wa nyuma, wa kushoto, ambao ulikuwa unacheza tangu binti yangu Ruwaida alipokuwa shule ya msingi. Ulisema, "Baba mdogo, nakipeleka kikafanyiwe ukarabati kidogo tu, kitarudi." Nikasema sawa, nikaenda sala ya Ijumaa. Ruwaida alikuwa kwenye duka lake sokoni. Huku nyuma kijana wako Adrian, uliyemtambulisha kuwa ndiye mpambaji wa mkahawa, akaona sebule yangu ina giza, akataka vitu vyote vitolewe uani avitazame kwenye mwanga, asije akaacha hazina. Mkatoa kochi. Mkatoa meza, vigoda na kabati la vyombo. Adrian akavipitia vyote, hakuona cha maana ila kiti, mkakifunga juu ya gari na kuondoka ili mfike Iringa kabla ya giza. Vilivyobaki mkaviacha pale pale uani, mlango wazi.

Mwanangu, umesoma sana, lakini umezaliwa nchi hii hii. Unajua nyumba ambayo kochi na kabati viko nje mchana kweupe, na mzee mwenye nyumba haonekani, inawaambia watu nini. Inawaambia kwamba sebule imeachwa wazi ili watu watandike mikeka. Jirani yangu Anyelwisye alipita, akaliona kochi, akavua kofia. Hakumuuliza mtu, maana angemuuliza nani? Alikwenda moja kwa moja kanisani kwao kuazima mabenchi.

Nilipotoka msikitini, ambako nilikawia mpaka alasiri, nikakuta turubai limeshafungwa kwangu, moto unawaka, akina mama wamejifunga khanga viunoni wanachambua mchele. Nikajua nyumbani kwangu kuna msiba. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mzima, na nyumba ile tunaishi wawili, nikajua ni Ruwaida. Nikakaa kwenye benchi la mwisho, nikaanza kumwombea dua. Mama mmoja, mgeni wa mtaa, akanipa mkono bila kunitazama usoni akasema, "Pole baba. Ndiyo dunia. Mzee mwenyewe alikuwa mkali, lakini hakuwa mbaya." Hapo ndipo nilipotambua kuwa marehemu ni mimi, nikamshukuru Mungu.

Nikavuta kofia usoni. Nilitaka nisikie sifa zangu. Zilikwisha kabla chai haijachemka. Mmoja alisema, "Mzee wa watu, alikuwa anakaa pale pale, ukimsalimia anaitikia." Mwenzake akajibu, "Anaitikia, ila mpaka akusahihishe Kiswahili kwanza." Wakacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani. Anyelwisye akageuka kuwaambia wanyamaze, akaniona, birika likamponyoka. "We Anwari!" alisema. "Sasa ndiyo nini hii? Mabenchi nimeshaazima!" Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwangusha.

Ruwaida alifika mbio kutoka sokoni, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Alikuwa ameambiwa katikati ya wauza nyanya. Aliponiona hakunikumbatia. Alikaa chini, pale pale vumbini, akalia mpaka wanawake wenzake wakamwinua. Chakula kilikuwa kimeiva, watu wakala, wakaondoka wakinipa pole ya kutokufa. Tangu siku hiyo Ruwaida akitoka kwenda sokoni hufika barabarani, kisha hurudi mlangoni kunitazama.

Hilo ndilo la kwanza. Yote yanayofuata ni madogo kuliko hilo, lakini nitayasema, kwa sababu ndiyo yanayoihusu biashara yako.

2. Kibao.

Ruwaida alinionyesha picha kwenye simu. Kiti kiko katikati ya ukumbi wa mbele wa nyumba ile ile aliyojenga babu yako, kimepigwa taa kutoka juu, na mbele yake kuna kibao: KITI CHA MAPUMZIKO CHA ENZI YA MKOLONI. ASILI: ULAYA. MIKONO MIREFU KWA AJILI YA KUPUMZISHIA MIGUU. TAFADHALI USIKIKALIE. Katika maneno yote hayo, la kweli ni kwamba ni kiti.

Nikupe historia, kwa kuwa inaonekana Adrian aliikuta njiani akaiokota nusu. Viti vya mikono mirefu havikutoka Ulaya. Wenye mashamba walivizoea Bara Hindi, ambako joto lilikuwa linawalaza mchana, wakavileta mpaka huku kwenye baridi yetu, kwa maana mazoea hayaulizi hali ya hewa. Vilikaa kwenye vibaraza vya mashamba ya chai Mufindi na ya tumbaku kuzunguka Iringa. Ni kweli mikono ilikuwa ya miguu: bwana akirudi shambani anajilaza, anatupa mguu mmoja huku na mwingine kule, na mtumishi anakuja kumvua buti. Kiti kimoja, watu wawili, na aliyekaa ni mmoja.

Babu yako Halfani alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Siku moja alipeleka jora la kaki kwa mwenye shamba la tumbaku, akamkuta amelala kwenye kiti kama hicho. Hakukaribishwa kukaa. Alisimama uani na jora lake begani mpaka bwana alipomaliza kusoma barua zake. Mtu mwingine angerudi na hasira tupu. Baba alirudi na vipimo. Alikuwa amekipima kile kiti kwa macho, kama alivyopima vitambaa, akaenda kwa seremala Sifaeli, Mbena na Mlutheri wa kweli kweli, akamchorea kwa mkaa ukutani. Sifaeli akakitengeneza kwa mninga. Kwa kuwa baba alikipima akiwa mbali na akiwa na hasira, kilitoka kikubwa kuliko cha mzungu mwenyewe, na mikono yake ilizidi. Hakikupita mlangoni ila kwa kulazwa ubavu.

Na katika maisha yake yote baba hakuwahi kuweka mguu juu ya mkono wa kiti kile. Sisi hatuelekezi nyayo kwa mgeni. Mkono wa kulia ulikuwa wa kikombe cha kahawa, na wa kushoto ulikuwa wa redio, na juu ya redio miwani. Niseme wazi: baba alikisilimisha kiti, na aliyemsaidia kukisilimisha ni Mlutheri. Hiyo ndiyo asili yake. Iandike kwenye kibao kama ina nafasi.

3. Ukarabati.

Mguu uliotakiwa kutengenezwa, kwa ninavyoona kwenye picha, bado umechomekewa kipande cha karatasi. Lakini turubai la kukalia limeondolewa. Turubai lile, Mheshimiwa, ndilo kumbukumbu ya uhamisho wangu. Ofisi iliponileta Mbeya "kwa muda", na muda wenyewe sasa umepita miaka hamsini, kiti kilipanda lori pamoja nami. Kikalio chake cha asili, cha henzirani iliyosukwa, kilikatika njiani kabla ya Makambako. Fundi Lutengano wa Uyole ndiye aliyekivalisha turubai la lori, akashona kwa uzi wa kushonea magunia, na kwa kuwa hakutaka kupoteza kipande aliacha herufi za mwenye lori zibaki pale unapoegemea. Nimeegemea neno TAHADHARI tangu ujana wangu.

Adrian amelitupa, akaweka ngozi ya rangi ya maandazi. Kisha, Ruwaida ananisomea kutoka kwenye ukurasa wenu, mbao zikapigwa msasa mpaka zikawa mpya, halafu zikakwaruzwa kwa mnyororo ili zionekane za zamani. Nimeisoma sentensi hiyo mwenyewe kwa miwani na bila miwani. Mmeondoa uzee wa kweli, ambao ulichukua miaka na makalio ya vizazi viwili, mkaweka uzee wa alasiri moja. Kama kulikuwa na haja ya mikwaruzo, ungeniambia. Ninayo ya kutosha.

4. Kamba.

Kiti kimezungushiwa kamba nyekundu. Nimeuliza kazi yake, nikaambiwa ni ili wateja wasikikalie. Nimejaribu kuielewa hoja hiyo kwa moyo safi. Kitabu kisichosomwa nakijua, na mikutano isiyo na maamuzi nimehudhuria mingi. Lakini kiti cha kusimamiwa! Kile kiti kilitengenezwa kwa sababu mtu mmoja aliachwa amesimama mbele ya kiti. Sasa mjukuu wake amejenga biashara nzima ya kuwaacha watu wamesimama mbele yake, na wanalipia chai.

5. Mvuto wa vitu vya zamani.

Nakubali kwamba vinavutia. Kile kiti kina mlalo ambao kochi halina. Ukikaa, mgongo unasahau ulikotoka, na dunia unaiona kuanzia kwenye paa kushuka chini, si kutoka chini kwenda juu. Mtu aliyekaa hapo hawezi kugombana, kwa sababu kuinuka kwake kunachukua muda mrefu kuliko hasira.

Lakini nimetazama picha nyingine za mkahawa wako, na nimeona mnachokipenda. Pasi ya mkaa imetiwa maua. Ruwaida bado anaitumia ya kwake umeme ukikatika, na atafurahi kusikia kuwa anapiga pasi kwa pambo. Taa ya chemli imetiwa balbu. Kinu kimegeuzwa kiti, na kiti kimegeuzwa sanamu. Sikuona mzee hata mmoja. Wateja wote ni vijana, wanapiga picha na vitu vya babu zao, na babu wenyewe wako nyumbani wanasubiri kupigiwa simu. Kumbe uzee ni mali, mradi mwenyewe asiwemo ndani yake.

6. Mirathi.

Huenda wakili wako akasema kwamba, kwa kuwa msiba wangu ulikwisha kukaliwa na ubwabwa ukaliwa, mali ya marehemu imehamia kwa ndugu. Nimelifikiria hilo. Hata ningekuwa nimekufa sawasawa, kama Anyelwisye anavyoona ingekuwa heshima kwa mabenchi, sheria ya mirathi ina mafungu yake: binti yangu Ruwaida yupo, kaka yake Rayyan yupo, na binti wa kaka wa marehemu hana fungu pamoja nao. Kwa hiyo uzima wangu unakunyima kiti, na kifo changu kinakunyima zaidi. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ulivyotuma kwa basi kama kutupoza tumevipokea. Ni vizuri sana, lakini havikaliki.

7. Ombi mbadala.

Ikiwa baada ya haya yote ofisi yako inaona kiti hakiwezi kurudi, basi naomba nichukuliwe mimi. Sifa zinazotakiwa ninazo kuliko kiti. Nilitengenezwa Iringa, katika nyumba hiyo hiyo. Ni wa zamani kuliko mninga wake. Vipuri vyangu ni vya asili, ukiacha meno. Sijawahi kupigwa msasa. Masharti yangu ni machache: nikae kitini, ndani ya kamba, kuanzia jua linapotoka mpaka adhuhuri, Adrian asinikwaruze, na mteja atakayenisalimia apewe chai bure, ila atakayenipiga picha bila kunisalimia alipe mara mbili. Kibao changu nimeshakiandika: MZEE WA ENZI. ASILI: HALFANI NA MKEWE. MGUU WA KUSHOTO UNACHEZA. TAFADHALI MSALIMIE.

Wahehe wa Gangilonga watasema huyu si wa kwao, ni Mswahili wa pwani, kama walivyosema nilipokuwa mtoto, ingawa pwani nimefika mara moja tu na jua lilinishinda. Huku Mbeya bado naitwa "yule mzee wa Iringa". Nimechoka kuwa mgeni wa kila mahali. Ndani ya kamba angalau itajulikana nimewekwa wapi.

Naomba jibu lako kabla ya Ramadhani, kwa maana katika mwezi huo sipendi kuwa na neno na mtu.

Wasalimie wafanyakazi wote wa mkahawa, mpishi kwanza. Msalimie Tekla aliye mapokezi, ambaye Ruwaida anasema ndiye pekee aliyejibu ujumbe wake. Wasalimie wateja, hasa waliosimama. Msalimie Adrian, mwambie simchukii. Namwona tu ni kijana ambaye hajapata pa kukaa. Ruwaida anakusalimu, ingawa hajanituma. Anyelwisye anasema "ugonile", nawe ukipata nafasi umwombe radhi kwa birika.

Nabaki, kwa sasa hivi nikiwa hai na nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,

Baba yako mdogo,
Anwari Halfani
Karani wa Reli (Mstaafu)

Nyongeza: Barua hii ilikaa siku kadhaa juu ya kabati ikimsubiri mtu wa kwenda Iringa, na katika siku hizo yametokea mambo yanayonilazimu kuongeza maneno. Moja ya yale mabenchi ya kanisa halikurudishwa. Anyelwisye alipokwenda kumuuliza mzee wa kanisa, alijibiwa, "Liacheni hapo hapo kwa mzee Anwari. Kwa umri ule tutalihitaji tena karibuni." Basi tukaliweka kibarazani, mahali pa kiti. Sasa kila asubuhi majirani wanapita kuhakikisha kama ni mzima, na wakishahakikisha hawaondoki. Wanakaa. Anyelwisye anakaa, yule mama aliyesema nilikuwa mkali anakaa na kikapu chake, na juzi mwenye duka la simu alileta kahawa, tukagombana habari za bei ya mbolea mpaka adhuhuri, nikasahau kusahihisha lugha ya mtu yeyote. Miaka yote ile nilidhani watu wananisalimia wamesimama kwa sababu ya heshima. Kumbe kiti kile na mikono yake kilikuwa kimejaza kibaraza chote, hapakuwa na pa kukaa mtu wa pili.

Kwa hiyo futa namba ya kwanza mpaka ya saba. Kiti kibaki huko, na kamba yake. Kwenye benchi kuna nafasi ya mtu mmoja kati yangu na Anyelwisye, nami nitafurahi ukija kuikalia kabla ya Ramadhani. Ila uje peke yako. Sitaki Adrian alione hili benchi.